Kipimo cha bibi si kipimo cha bwana

"Bibi yangu balimupima kule ku CPN, balimukuta muzima. Basi na miye niko muzima."

Mkaaji gani wa Likasi hajasikia maneno haya? Yanasemwa Kikula mbele ya nganda, yanasemwa Panda watu wakingoja basi, yanasemwa Shituru wafanyakazi wakibadilishana zamu. Wanayasema wenye shule na wasio na shule, wenye kusali na wasiosali. Sitawacheka, kwa sababu nami niliyasema kwa miaka mingi.

Bibi yangu alipokuwa na mimba ya kwanza, walimtoboa kidole, wakapima damu, akarudi nyumbani na habari njema: hana virusi vya ukimwi. Niliipokea habari ile kama vile kidole kilichotobolewa kilikuwa changu. Mimba ya pili, vilevile. Kwenye mimba ya tatu, muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alimwuliza: "Na baba ya watoto, yeye alipimwa lini?" Bibi yangu alikosa jibu. Usiku, baada ya kula bukari, alinirudishia swali lile kwa upole. Nilikasirika. Nilimwambia: "Kumbe unanishuku?" Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba hakuna aliyenishuku. Aliniuliza jambo ambalo damu yake haikuweza kulijibu.

Nilikwenda. Jibu nililopata ni langu na la bibi yangu, sitaliandika hapa. Ninaandika juu ya desturi yenyewe: katika mji wetu, mwanamke ndiye anayepimwa kwa niaba ya nyumba nzima. Akikutwa mzima, bwana anajihesabu mzima. Akikutwa na virusi, bwana anajihesabu ameonewa. Katika hali zote mbili bwana hatoi damu yake. Maoni yangu ni haya: desturi hii inaingiza ugonjwa na mauti ndani ya nyumba zetu, na kazi ya kuivunja ni yetu sisi wanaume kwanza.

Virusi si pilipili

Wengi wetu tunafikiri virusi vya ukimwi ni kama pilipili ndani ya chungu: wote waliokula lazima wawashwe. Kwa hiyo mmoja akiwa hana, tunasema na mwingine hana. Mambo hayaendi hivyo.

Virusi hivi vinakaa ndani ya damu, ndani ya manii, ndani ya majimaji ya uke na ndani ya maziwa ya mama. Havipiti kwa sahani, kwa mbu, kwa kusalimiana wala kwa kulala chumba kimoja. Vinapita kwa ngono, lakini havipiti kila mara. Kati ya mwanaume na mwanamke wanaolala kwa njia ya kawaida, hatari ya mara moja ni ndogo, kwa wastani chini ya 1 kwa 100. Ndiyo sababu bwana na bibi wanaweza kulala kitanda kimoja mwaka mzima, hata miaka kadhaa, mmoja anavyo na mwingine hana. Waganga wanawajua sana watu wa namna hii. Wanawaita wenzi wenye majibu tofauti.

Hatari ndogo haimaanishi hakuna hatari. Haba na haba hujaza kibaba, na watu wa ndoa hawalali pamoja mara moja. Tena kuna nyakati ambapo hatari inapanda sana. Wakati wa kwanza ni zile wiki za mwanzo baada ya mtu kuambukizwa. Hapo virusi vinajaa kwa wingi ndani ya damu, naye bado anajisikia mwenye nguvu, na kipimo cha haraka kinaweza kusema hana kitu, kwa sababu kipimo kinahitaji muda, hata miezi 3, kabla ya kuona. Wakati wa pili ni pale mmoja wao ana vidonda sehemu za siri, kama vya kaswende au vya herpesi. Vidonda ni mlango ulioachwa wazi. Wakati wa tatu ni pale mwenye virusi hatumii dawa na ugonjwa umeendelea.

Utafiti mmoja unaotufaa sana haukufanywa mbali. Ulifanywa Rakai, kusini mwa Uganda, wakati dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijafika vijijini, na ulichapishwa mwaka 2000. Waganga waliwafuata wenzi 415 ambao mmoja alikuwa na virusi na mwingine hana. Katika nyumba 228 mwenye virusi alikuwa mwanaume. Katika nyumba 187 alikuwa mwanamke. Waliwafuata kwa muda uliofika hadi miezi 30. Katika muda ule, watu 90 waliokuwa wazima waliambukizwa. Wengine 325 walikuwa bado wazima.

Tazama hesabu hii vizuri, ndugu msomaji. Kwanza, inaonyesha kwamba wengi wanaweza kukaa na mwenye virusi muda mrefu wakiwa bado wazima. Kwa hiyo bibi kukutwa mzima hakusemi kitu chochote juu ya bwana. Pili, inaonyesha kwamba watu 90 waliambukizwa ndani ya nyumba zao, na mtu waliyelala naye kila siku. Tatu, mwenye virusi alikuwa mara mwanaume, mara mwanamke, na virusi vilipita karibu kwa kasi moja pande zote mbili. Tena waliona jambo moja zaidi: wale waliokuwa na virusi vichache sana katika damu hawakumwambukiza hata mwenzi mmoja. Jambo hilo nitalirudia chini, kwa sababu ndani yake kuna tumaini.

Karatasi njema inapomdanganya mama

Sasa turudi Likasi. Mama anapimwa mwezi wa 4 wa mimba, anakutwa mzima. Bwana wake ni shofere wa malori, anatoka Kolwezi na shaba, anapita hapa kwetu kwenye barabara ya taifa namba 1, anashuka Lubumbashi, kisha anangoja siku nyingi kwenye foleni ya Kasumbalesa. Au ni mchimbaji wa mikono, anakaa kwenye mgodi wiki tatu na kurudi nyumbani siku mbili. Au ni karani tu, mtu mpole, mwenye jambo moja la zamani kabla ya ndoa ambalo hakulipima kamwe. Bwana huyu ana virusi na hajui. Karatasi njema ya bibi inamwambia: tulia.

Mama akiambukizwa mwezi wa 6 au wa 7, au wakati ananyonyesha, ni hatari kuliko hali nyingine zote. Yeye na waganga wanaamini ni mzima, kwa hiyo hapewi dawa. Na kwa sababu maambukizi ni mapya, virusi vimejaa katika damu na maziwa yake. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi, watoto 15 hadi 45 huambukizwa katika mimba, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akijulikana mapema na kutumia dawa, hesabu hiyo inashuka chini ya 5. Basi mtoto yule aliyezaliwa na virusi, mama yake alifanya yote aliyoambiwa: alikwenda CPN, alipanga foleni, alitoboa kidole. Aliyekosekana kwenye foleni ni baba.

Upande wa pili ni wa aibu zaidi. Mama anakutwa na virusi. Anarudi nyumbani na mtoto tumboni, anamwambia bwana wake. Bwana hasemi "twende nami nipimwe". Anasema "umeitoa wapi?" Jamaa ya bwana inaitwa, vikao vinafanyika, na mwisho mama anaondoka na mabegi yake kwenda kwa wazazi wake. Wengine, kwa kuogopa siku hiyo, wanaficha jibu, wanatupa dawa, wanakunywa kwa kujificha na kusahau. Na bwana, baada ya miezi sita, anaoa msichana mwingine, naye bado hajatobolewa kidole.

Jambo hili lifahamike mara moja na kwa wote: aliyepimwa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza. Mama anapimwa kwanza kwa sababu ndiye anayebeba mimba, na mimba inampeleka kwa waganga. Kama Mungu angewapa wanaume mimba, sisi ndio tungeitwa walioleta ugonjwa. Hakuna kipimo cha kituo cha afya kinachoweza kusema nani kati ya wenzi wawili alianza. Kipimo kinasema tu nani anavyo leo. Na sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali yake.

Reli ilipita hapa kwetu

Wapo watakaosema ukimwi ni mambo ya wanawake wa nganda na parkingi. Kongo ndiyo nchi iliyofundisha dunia kwamba wazo hilo ni kosa. Mwanzoni, Marekani na Ulaya walidhani ni ugonjwa wa wanaume wanaolala na wanaume na wa watu wanaojidunga sindano. Mwaka 1983 waganga wa kigeni na wa Zaïre walitafuta wagonjwa katika hospitali za Kinshasa. Kwa wiki 3 tu walipata 38, na wanawake walikuwa wengi sawa na wanaume. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1984, na tangu hapo ikajulikana kwamba virusi hivi vinapita kati ya mwanaume na mwanamke wa kawaida, wakiwemo watu wa ndoa.

Baadaye, mwaka 2014, wataalamu waliosoma chembe za uzazi za virusi walionyesha kwamba ugonjwa ulianza kuenea kutoka Kinshasa karibu mwaka 1920, na kwamba kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 ulikuwa umefika Mbuji-Mayi na Lubumbashi. Ulisafiri pamoja na watu. Tangu mwaka 1928 msafiri aliweza kupanda mtoni kutoka Kinshasa hadi Ilebo, ambayo iliitwa Port-Francqui, na kushika treni hadi Elisabethville. Treni hiyo ilipita hapa kwetu, wakati mji ukiitwa bado Jadotville. Ilibeba wanaume kuja kwenye shaba. Wengi walikuja peke yao, wakaacha wake zao vijijini, kwa sababu katika miaka ya kwanza kampuni zilitaka mikono ya kazi, hazikutaka familia.

Siandiki haya ili kuwatupia mababu zetu lawama. Naandika kwa sababu mji wetu haujabadilika sana. Bado shaba ndiyo inayotulisha, na bado inawatoa wanaume nyumbani. Treni imechoka, malori yamechukua nafasi yake. Mwanaume anayelala mbali wiki tatu ana nafasi nyingi za kukutana na virusi. Mwanamke anayebaki peke yake wiki tatu bila pesa ya unga ana majaribu yake pia. Maisha ya namna hii yanaomba wenzi wapimane wote wawili, tena mara kwa mara. Lakini sisi tumefanya kinyume: tunampima mmoja, yule anayebaki nyumbani.

Si ukimwi peke yake

Nimeongea sana juu ya ukimwi, lakini kuna virusi vingine vinavyopita kitandani, na kila kimoja kina njia yake.

Hepatiti B inapita kwa damu na kwa ngono, inakula ini polepole, mtu anaweza kuibeba miaka mingi bila dalili. Ina chanjo, na watoto wetu wanaipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini watu wazima wengi hawakuichanjwa utotoni. Anayekutwa nayo anapaswa kumwambia mwenzi wake ili naye apimwe na, akiwa mzima, achanjwe.

Virusi vya papiloma vinapita kwa kugusana ngozi ya sehemu za siri, kwa hiyo kapoti inapunguza hatari bila kuimaliza. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi zinatokana navyo, na mwanamke mwenye virusi vya ukimwi ana hatari mara 6 zaidi ya kupata kansa hiyo. Mwanaume anaweza kuvibeba na kuvipitisha bila kujisikia chochote.

Herpesi inaleta malengelenge yanayopona na kurudi, na inaweza kupita hata siku ambayo hakuna kidonda kinachoonekana.

Na mpox sote tunaikumbuka. Ugonjwa huo ulijulikana kwa binadamu tangu mwaka 1970 katika Équateur, na watu waliuita ugonjwa wa msituni. Halafu mwaka 2023 aina mpya ilitokea Kamituga, Sud-Kivu, mji wa dhahabu, mji wenye wachimbaji na nganda kama miji yetu. Safari hii ilipita sana kati ya watu wazima kwa njia ya ngono, wakiwemo wanawake wengi wanaouza mwili. Kutoka pale ilivuka mipaka, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura kwa dunia nzima. Kapoti peke yake haizuii mpox, kwa sababu inapita kwa ngozi. Anayeona vipele asilale na mtu, aende kwa waganga.

Njia zinatofautiana, lakini katika yote kuna jambo moja: mtu anaweza kuonekana mzima na kuambukiza, na hali ya mmoja haimsemei mwenzake.

Tumaini liko wapi

Sababu kubwa inayotufanya tuogope kupimwa ni kwamba bado tunauona ukimwi wa miaka ya 1990. Tunakumbuka watu waliokonda, tunakumbuka matanga. Wakati ule kujua kulikuwa kama kusomewa hukumu. Leo kujua ni mwanzo wa matibabu.

Nilisema nitarudi kwenye lile jambo la Rakai, kwamba wenye virusi vichache sana hawakuambukiza. Dawa za kupunguza makali zinafanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 2011, utafiti uliowafuata wenzi 1.763 wa nchi 9, Kenya, Malawi na Zimbabwe zikiwemo, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, maambukizi kwa mwenzi wake yanapungua kwa 96 kwa 100. Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti mwingine wa Ulaya. Wenzi 888, mmoja ana virusi lakini anakunywa dawa na virusi havionekani tena kwenye kipimo cha wingi, walilala pamoja bila kapoti karibu mara 58.000. Waliopokea virusi kutoka kwa wenzi wao walikuwa sifuri.

Hii ndiyo habari ambayo watu wengi wa Likasi hawajaambiwa wazi. Mtu anayekunywa dawa kila siku, na kipimo cha wingi wa virusi kikathibitisha kwamba havionekani, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kufika hapo kunachukua kwa kawaida miezi 6 hivi. Kabla ya hapo wenzi watumie kapoti. Anaweza kuoa, kuolewa, kuzaa watoto wazima. Kwa yule asiye na virusi ambaye mwenzi wake bado hajafika hapo, kuna pia vidonge vya kujikinga. Aulize kwa waganga. Angalizo moja tu: dawa hizi haziwazuii wenzi kuambukizana kaswende au herpesi. Hapo kapoti inabaki na kazi yake.

Tena tusisahau kwamba wengi wetu hatuna virusi. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa 2013-2014 ulikuta watu 1,2 kwa 100 kati ya wenye miaka 15 hadi 49. Mwanaume anayekwenda kupimwa, mara nyingi atarudi na habari njema, na hii itakuwa habari yake mwenyewe.

Kila mmoja na kazi yake

Kwa wanaume wenzangu: siku bibi anapokwenda CPN mara ya kwanza, mwende wawili. Mkae benchi moja, mtobolewe siku moja, msikie majibu pamoja mbele ya muuguzi. Mkirudi nyumbani, kila mmoja anajua, na hakuna aliyebebeshwa kazi ya kumwambia mwenzake peke yake usiku. Baada ya hapo, anayesafiri sana arudie kipimo bila kungoja mimba nyingine.

Kwa wapasta na wazee wa familia: makanisa mengi yanaomba kipimo kabla ya ndoa. Ni vizuri, lakini majibu ni ya wachumba wawili, wala si ya ofisi ya kanisa. Na mwaambieni kwamba kipimo cha siku ya harusi hakitoshi kwa maisha yote.

Kwa waajiri wa migodi na wa malori: leteni waganga mahali pa kazi, jioni na siku ya mapumziko, kwa anayetaka, na siri ikae kati ya mganga na mfanyakazi. Kipimo kisiwe kamwe njia ya kumtafutia mtu sababu ya kumfukuza.

Kwa wakubwa wa zoni ya afya: vituo vyetu vya CPN vimepangwa kwa wanawake tu, saa za asubuhi, wakati baba yuko kazini. Fungueni Jumamosi. Na kuna njia nyingine iliyojaribiwa karibu na sisi. Kisumu, nchini Kenya, wanawake 600 waliokuwa wajawazito au waliojifungua karibuni waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vipimo vya kujipima nyumbani ili wampelekee mwenzi. Kundi lingine lilipewa barua ya kumwalika mwenzi kituoni. Kwa maelezo ya wanawake wenyewe, waume waliopimwa walikuwa zaidi ya 90 kwa 100 kwenye kundi la kwanza, na karibu 52 kwa 100 kwenye kundi la pili. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016. Mwanaume aliyekataa kwenda kwenye kipimo alikubali kipimo kilipomfuata nyumbani. Ila mama anayeogopa kupigwa asilazimishwe kukibeba.

Kwa serikali: Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, jimbo letu lilikuwa kati ya majimbo 3 ya Kongo, pamoja na Kinshasa na Lualaba, ambayo mpango wao wa ukimwi, PEPFAR, ulikuwa unayasaidia. Tumeona jinsi dawa na vipimo vyetu vinavyotegemea uamuzi wa mtu aliye mbali. Nchi inayotoa shaba na kobalti kwa dunia nzima haiwezi kukosa pesa ya kununua vipimo vya damu vya baba wa Likasi.

"Utavunja nyumba za watu"

Wengine wataniambia: ukiwapima wenzi pamoja, utavunja ndoa. Ninaelewa woga huo. Zipo nyumba zitakazopita kwenye machozi. Lakini tuulizane: zile nyumba zinazovunjika leo zinavunjwa na nini? Zinavunjwa na mama aliyepimwa peke yake, aliyerudi na jibu peke yake, na kulaumiwa peke yake. Wawili wanaosikia majibu pamoja, mbele ya mtu anayejua kueleza, wanapata angalau nafasi ya kuuliza "sasa tufanye nini?" kabla ya kuuliza "nani alileta?"

Wengine watasema mwanaume ana kazi, hana muda. Mimi pia nilisema hivyo kwa mimba tatu. Siku nilipokwenda, kutoboa kidole na kungoja jibu kulichukua muda mfupi kuliko ninaongoja basi la Lubumbashi lijae.

Yule muuguzi mama mtu mzima hakumwuliza bibi yangu kama ninatembea nje. Hakuuliza dini yangu wala kazi yangu. Aliuliza tu nilipimwa lini. Baba wa Likasi, wewe unayesoma haya, mwanao wa mwisho ana miaka mingapi? Na wewe, damu yako mwenyewe, ilipimwa lini?